Rambo imeondoka, nailoni ya kipimo imebaki

Tangu Juni 1, 2019, mfuko wa rambo ni marufuku Tanzania Bara. Ukikutwa nao mkononi, faini ni kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Zanzibar walitangulia mwaka 2006, Rwanda wakafuata 2008, Kenya Agosti 2017. Na marufuku ile ilisaidia. Anayekumbuka mitaro ya Dar es Salaam ilivyokuwa imezibwa na mifuko, au mbuzi aliyechinjwa akakutwa na donge la nailoni tumboni, hahitaji kushawishiwa.

Ila angalia ndoo ya taka ya nyumbani leo. Kuna vile vifungashio vyepesi visivyo na mpini vilivyobeba nyanya, karanga na dagaa, chupa za maji, mirija, pampasi, na pakiti za sabuni ya unga za kufulia mara moja. NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, imekuwa ikionya kwamba vifungashio havikuruhusiwa kugeuzwa vibebeo, lakini sokoni ndivyo vinavyotumika. Swali sasa limehamia jikoni: kazi ya kupunguza plastiki hii ni ya familia, au ya wanaoizalisha na wanaotunga sheria?

Wanaosema tuanzie nyumbani wana hoja ambayo siwezi kuikwepa. Ipo plastiki ambayo hakuna kiwanda kinachotulazimisha kuitumia. Nani ametuambia tufunike sufuria ya wali au ndizi kwa nailoni, mvuke uigonge na kutiririka tena ndani ya chakula, wakati mfuniko upo kabatini au jani la mgomba lipo uani? Nani ametuambia tuwashe mkaa kwa kipande cha mfuko, tena asubuhi, watoto wakiwa wamekaa pembeni wakisubiri chai? Moshi ule ni sumu, na unaanza kuvutwa na yule aliyeinama kupuliza jiko. Kwenda na hotpoti kwa muuza supu, na bakuli buchani, ni mambo ambayo wengi wetu tunayaweza bila kuongeza hata senti. Hapa sioni utetezi.

Mifuko mbadala nayo itazamwe vizuri. Wengi tunaiona kama kitambaa, kumbe mingi imetengenezwa kwa polipropilini, yaani plastiki. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2011 utafiti uliopima mchango wa mifuko katika ongezeko la joto duniani. Mfuko wa aina hii ulihitaji kutumika mara 11 hivi ili ulingane na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Wa pamba mara 131. Ni kweli utafiti huo haukupima kuziba kwa mitaro wala mifugo kumeza mifuko, na hayo ndiyo yaliyotusumbua sisi zaidi. Lakini ujumbe wake kwa nyumba zetu uko wazi: anayenunua mfuko mbadala mpya kila anapokwenda sokoni, akaurundika na wenzake nyuma ya mlango, hajapunguza kitu. Kapu la ukili linalodumu miaka ndilo punguzo lenyewe.

Upande wa pili unaanzia dukani kwa Mangi. Sukari robo, chumvi, unga nusu, vyote vimefungwa mapema kwenye nailoni ili foleni ya jioni iende. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Kumwambia anunue mfuko wa kilo 25 ili aokoe mazingira ni kumdai pesa ambayo hajawahi kuishika kwa mkupuo. Anaweza kwenda na kopo lake, na kwa mafuta ya kula wapo wanaokwenda na chupa, lakini inategemea Mangi akubali kupima upya wakati watu kumi wamesimama kaunta. Maji ya chupa nayo, mahali ambapo bomba haliaminiki, si anasa. Kuchemsha kunataka mkaa au gesi, na vyote vina bei.

Kuna jambo wahubiri wa "nyumba bila plastiki" hulipita haraka mno: nani atakayefanya hiyo kazi? Nepi za kitambaa zinataka maji mengi, kamba ya kuanikia, na mtu wa kufua. Mtu huyo ni mama aliyerudi kazini saa moja usiku, au dada wa kazi ambaye hakuulizwa. Kama baba ndiye anayetaka nyumba iache pampasi, basi na afue. Vinginevyo tunahamisha mzigo kutoka jalalani kwenda mgongoni kwa mwanamke mmoja.

Nikipima pande zote mbili, kinachonielemea zaidi ni chupa ya soda. Kwa miaka mingi soda tuliinywa kwenye chupa ya kioo. Mtoto akitumwa dukani alikwenda na chupa tupu, au aliacha dhamana. Kreti zilirudi kiwandani, chupa zikaoshwa, zikajazwa tena. Hakukuwa na semina wala bango la kuhamasisha. Chupa ilikuwa na thamani, kwa hiyo haikutupwa. Kisha rafu zikajaa chupa za plastiki, na kila nyumba ikabebeshwa taka ambayo haikuomba. Tabia ya kurudisha tulikuwa nayo. Hatukuiacha kwa uvivu. Bidhaa yenyewe ndiyo iliyobadilishwa.

Ndiyo maana siridhiki na kampeni inayoishia kumwonya mama wa nyumbani. Mwenye uwezo wa kununua maji kwa katoni kila wiki ndiye wa kwanza kuulizwa kwa nini hana chujio au dispensa yenye chupa kubwa inayorudishwa. Anayenunua kipimo aulizwe mwisho, baada ya kiwanda. Kenya, kwa sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, imeweka wajibu kwa mzalishaji kubeba gharama ya anachokiingiza sokoni hadi kinapokuwa taka. Mkataba wa dunia kuhusu plastiki, ambao mchakato wake ulianzishwa Nairobi Machi 2022, ulikwama tena Geneva Agosti 2025, kwa hiyo kusubiri huko hakutatusaidia kwa sasa.

Dhamana kwenye chupa ya plastiki inawezekana hapa hapa. Waokota chupa wanaopita mitaani na viroba mgongoni wameshathibitisha kwamba chupa yenye bei hailali mtaroni. Shilingi mia juu ya kila chupa, inayorudishwa dukani ulikonunua, ingetosha kuanzia. Mangi anaujua utaratibu huo tangu enzi za kreti.