Sulochana hakuuawa na sauti

Hadithi ya Sulochana huwa ile ile kila inaposimuliwa. Binti mrembo wa Pune, jina lake halisi Ruby Myers, Myahudi mwenye asili ya Baghdad, alitolewa kwenye kazi ya kupokea simu akafanywa steringi mkubwa wa kike wa filamu bubu za India. Mwaka 1931 filamu zikaanza kusema. Kihindustani, lugha ya filamu hizo, kikamshinda, akazimika.

Ina chembe ya ukweli, ila tarehe zake hazikai sawa. Ni kweli alipumzika kama mwaka mzima, na katika mapumziko hayo alikuwa anajifunza lugha. Mwaka 1932 akarudi na filamu ya Madhuri, safari hii anaongea. Mwaka 1934 akatoa Indira M.A.; ile ya bubu ya 1929 iliitwa Indira B.A., kwa hiyo hata digrii ilipanda. Mwaka 1935 ikaja Anarkali, na 1936 Bambai Ki Billi. Sasa mtu aliyezimika 1931, jina lake linatafuta nini kwenye bango la 1936?

Wanaoshikilia hadithi ile wana jibu, na si jibu la kubeza. Wanasema zote hizo ni viporo: filamu nne za bubu zilizopashwa moto, studio ikijua watu watalipa kwa ajili ya jina. Tena wanaongeza kwamba uigizaji wake ulikuwa wa mwili. Mwaka 1927, katika Wildcat of Bombay, ile iliyorudiwa kama Bambai Ki Billi, aliigiza nafasi nane: mara polisi, mara mtunza bustani, mara mtoto wa mtaani, mara bwana wa Hyderabad, mara mzungu wa nywele za dhahabu. Ukiwa bubu, koti na mwendo vinatosha kukufanya polisi. Ukishafungua mdomo, lafudhi inakuumbua. Hapo nawapa haki yao, kuna kitu alipoteza ambacho hakikurudi.

Ila tuwe wakweli kuhusu alichodaiwa. Filamu za sauti za India hazikumtaka mwigizaji aseme tu, zilimtaka aimbe. Indrasabha ya 1932 ilikuwa na nyimbo zipatazo 70, ndani ya filamu moja! Utaratibu wa mwimbaji kurekodi pembeni huku mwigizaji akifuatisha midomo ulianza kushika mwaka 1935. Kabla ya hapo, mwenye sura alitakiwa awe na koo pia. Sulochana alivuka katika miaka ile ile migumu, kwa lugha aliyojifunzia ukubwani, na bado akabaki juu miaka mingine kadhaa. Mimi hilo siliiti kushindwa.

Halafu kuna ile hesabu ya mshahara. Karibu kila makala juu yake lazima iseme kwamba alilipwa kuliko Gavana wa Bombay, mtawala wa jimbo hilo kwa niaba ya Waingereza. Mshahara unaotajwa ni rupia 5,000 kwa mwezi kutoka Imperial Film Company, studio iliyomwajiri. Ni pesa nyingi kwa zama zile, hakuna ubishi. Lakini sheria ya kuitawala India ya 1935 ilimwekea Gavana wa Bombay rupia 120,000 kwa mwaka. Gawa kwa 12, unapata 10,000. Yaani binti wa simu alikuwa anapata nusu ya Gavana.

Nusu ya Gavana ni sifa tosha, sijui kwa nini watu wanataka zaidi. Au pengine najua: kadiri unavyompandisha ndivyo anguko linavyonoga. Wakati huo huo neno lenye maana kuliko yote linapita bila kusomwa, nalo ni "kwa mwezi". Hakuwa mbia, hakuwa na fungu kwenye mauzo ya tiketi. Alikuwa mwajiriwa wa studio kama fundi wa taa, tofauti ni tarakimu tu. Alijaribu kuanzisha kampuni yake, Rubi Pics, lakini tegemeo lake lilikuwa Imperial, na mwaka 1938 Imperial ikafunga milango. Aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ikafungwa hahitaji kuelezwa kilichofuata. Dinshaw Billimoria, mwanamume aliyezoeleka kuigiza naye, alififia kipindi kile kile, na sijasikia mtu akisema yeye aliuawa na lafudhi.

Mwaka 1973 serikali ilimpa tuzo ya Dadasaheb Phalke, kubwa kuliko zote za sinema ya India, na miaka kumi baadaye akafariki. Lakini mimi hurudi kwenye Anarkali ya 1953. Ni kisa cha mcheza ngoma wa ikulu anayependwa na mwana wa mfalme, Salim, na Sulochana alikuwa ameshamwigiza mcheza ngoma huyo mara mbili, 1928 bila sauti na 1935 kwa sauti. Safari ya tatu alipewa nafasi ya Jodhabai, mama yake Salim. Anarkali alikuwa Bina Rai, na zilipofika nyimbo, Bina Rai alifungua mdomo tu. Sauti ilikuwa ya mwimbaji Lata Mangeshkar. Mwaka 1932 hakukuwa na wa kumwazima Sulochana sauti.