Usipake rangi kinga ya nkambo

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Kamalondo, Lubumbashi, aliniita kwa furaha nikaone kinga, yaani baiskeli, ya marehemu baba yake. Alikuwa ameitoa ghalani baada ya miaka mingi, akanunua kopo la rangi ya mafuta, ile ya bluu tunayopaka mageti, akaipaka yote: fremu, madigadi, rimu, hata nembo ya mbele. Niliinama pale chini ya usukani, nikapitisha ukucha juu ya nembo. Chini ya bluu nikahisi kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu. Raleigh, kinga ya Kiingereza. Siku ile sikumwambia kitu, maana macho yake yalikuwa yanacheka. Lakini nilirudi nyumbani na uzito moyoni, na ndiyo maana ninaandika.

Kinga ya zamani ya Kiingereza ikitembea vizuri imetosha. Rangi yake iache. Imechubuka, iache. Imefifia, ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha iache. Ile rangi nyeusi ilipikwa kiwandani ikashikana na chuma, na ile mistari ya dhahabu pembeni ilichorwa na mkono wa mtu. Ukishaifunika hairudi. Na mikwaruzo yenyewe ni ya kwetu. Kinga ya nkambo wangu, baba ya mama, ina sehemu kwenye bomba la juu ambapo rangi imekwisha kabisa, chuma kimekuwa laini kama kijiko cha zamani. Ni pale alipofunga kipande cha blanketi ili mimi nikae akinipeleka shule. Fundi mmoja aliniambia kwa nia njema kabisa, "Pale tutapiga msasa, tutapaka, hakutaonekana kitu." Nikamwambia aniachie kinga yangu.

Wengine wanauliza kinga za Kiingereza zilifikaje huku Kongo, kwa Wabelgiji. Tukumbuke mji huu ulivyoanza. Reli iliyofika Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910 ilitoka kusini, ikipita Sakania, na nyuma ya Sakania kulikuwa nchi ya Waingereza, ile iliyokuja kuitwa Rodezia ya Kaskazini, leo Zambia. Mipaka ipo, lakini shaba ni ile ile upande huu na ule, na watu walipita. Nkambo alikuwa mtu wa reli. Alinunua kinga yake Ndola, upande ule, akairudisha ndani ya behewa la mizigo imefungwa magazeti. Jina la duka hakulitaja kamwe. Alichokuwa anasimulia kila mara ni harufu ya ngozi ya siti ilipotoka kwenye karatasi.

Sasa niseme juu ya kitovu cha gurudumu la nyuma, maana hapo ndipo nilipoanza kuzipenda kinga hizi.

Miaka yote ya utoto wangu watu walisema kinga ya nkambo ni nzito. Wajomba walikataa kuipanda kwenda Ruashi. "Ile chuma itakuua," walisema, na mimi niliamini. Niliporithi, nikakuta kitovu chake cha nyuma ni kinene kuliko cha kinga nyingine, kimejaa uchafu mweusi uliokauka kama lami. Nikaloweka kitambaa katika mafuta ya taa, nikasugua jioni nzima. Polepole herufi zikatoka: Sturmey-Archer, jina la watengenezaji, halafu AW, halafu namba, 57 na 3. Baadaye nikajifunza kusoma. AW ni kitovu cha gia tatu, kilichoanza kutengenezwa Nottingham mwaka 1936. 57 ni mwaka 1957, na 3 ni mwezi wa Machi. Kinga yetu ilikuwa na gia tatu, na katika ukoo mzima hakuna aliyejua!

Uzito nao ukajieleza. Ndani ya ekseli ya kitovu kile huingia kinyororo kidogo, chembamba kama cha saa ya mfukoni, kinachovutwa na waya wa gia. Kikikatika, au waya ukilegea, kitovu chenyewe hubaki kwenye gia ya tatu, ile ya kasi, ambapo sproketi ikizunguka mara tatu gurudumu huzunguka mara nne. Nzuri kwenye barabara tambarare upepo ukiwa nyuma yako. Lakini nkambo alipanda nayo vilima na gunia la unga kwenye keria, miaka na miaka, akiwa katika gia ya tatu. Nilipolifahamu hilo niliketi chini kwanza. Kosa lilikuwa kwenye kinyororo kifupi kuliko kidole, na kila mtu alilaumu chuma.

Kukipata kinyororo hicho kulinichukua miezi saba.

Lakini kutafuta vipuri hapa si kama watu wanavyodhani. Ukisikia watu wa Uingereza au Marekani wanaozihuisha kinga hizi, utadhani kila kitu ni dhahabu. Sisi Lubumbashi tuna bahati ambayo hatuijui. Kinga nyeusi kubwa za Kichina na Kihindi zinazouzwa sokoni hadi leo zilifuata umbo la hizi za Kiingereza. Flying Pigeon ya China ilitoka mwaka 1950, na Hero ya Ludhiana kule India mwaka 1956, na vipimo vikabaki vile vile. Kwa hiyo tairi la 28 kwa 1½ nalipata soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, asubuhi nikitaka. Mpira wa ndani upo. Raba za breki za vyuma zipo. Hata spoki: gurudumu la mbele 32, la nyuma 40, hesabu ya Kiingereza, na wauzaji wetu wanaijua bila kufikiri. Kwingine mtu hulipia posta kuvuka bahari ili apate tairi la namna hiyo. Mimi natembea kwa miguu hadi sokoni.

Hatari iko pale vinapofanana bila kuwa sawa. Hapa nina uchungu, na nitausema. Ile sehemu ya chini ya fremu inayobeba ekseli ya pedali ina vikombe viwili vya gololi, vinaingia kwa nyuzi. Waingereza wengi walikata nyuzi 24 kwa inchi, na Wahindi na Wachina wengi wakafuata. Raleigh walikata 26. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Kikombe cha sokoni kitaingia mzunguko mmoja, labda mmoja na nusu, halafu kitakaza. Hapo ndipo fundi asiyejua huchukua spana ndefu na bomba la kuongeza nguvu. Nilipeleka fremu ya pili, niliyoinunua Katuba baada ya kuibembeleza mwaka mzima, kwa fundi mmoja hapa mjini, nikaenda kazini. Niliporudi kikombe kimeingia chote, na nyuzi za fremu zimelala kwenye sakafu kama nywele za kinyozi. Alikuwa anatabasamu, "Ilikataa, lakini nimeishinda." Fremu iliyokaa zaidi ya miaka sitini ilimalizwa kwa mchana mmoja. Kikombe cha zamani, hata kikiwa na kutu, kioshe, kitie gololi mpya na grisi, kirudishe. Gololi ndizo huisha haraka, na gololi ni bei ya mkate.

Na zile pini zinazoshika mikono ya pedali, tunazoita klaveti, jamani, msizipige nyundo hewani. Kila pigo linaingia kwenye gololi na vikombe. Simamisha bomba la chuma chini ya mkono wa pedali, lifike hadi sakafu, lizunguke pini bila kuigusa. Tia mafuta usiku uliotangulia. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha, usiitoe, ili ncha isipondeke. Kisha pigo moja, la moyo wote. Vipigo ishirini vya woga ndivyo vinavyoharibu. Na spana iwe ya vipimo vya Kiingereza vya zamani. Za milimita zinacheza juu ya nati na kula kona zake, na nati ikishakuwa duara utalia.

Nijibu na hoja moja ambayo hunirudia kila mara. Wabeba makala, yaani makaa, wanaoingia mjini alfajiri na magunia juu ya kinga wamechukua fremu hizi hizi za zamani, wakachomelea nondo kwenye foku na keria, wakakata madigadi. Je, nao wameharibu? Hapana. Kinga inayobeba makala inalisha nyumba, na yule aliyechomelea alijua anachohitaji. Nikikutana na Hercules ya Birmingham yenye nondo mbavuni, naivulia kofia mwenye kinga na kinga yake. Ninaowasihi ni wale wenye kinga iliyolala, isiyodaiwa chochote, na wana haraka ya kuifanya mpya au kuiuza kwa kilo.

Maana kwa kilo ndivyo zinavyokwenda. Wanunuzi wa mitraye, vyuma chakavu, wanapita kila mtaa na mizani yao, na katika mji wa shaba kila mtoto anajua kipi kina bei. Nembo ya mbele hung'olewa kwanza kwa sababu ni shaba ya njano. Halafu fremu inakunjwa pamoja na mabati. Nimeona siti ya Brooks, ngozi nzima, imetupwa pembeni kwa sababu haina chuma cha kutosha. Niliiomba, nikapewa bure. Niliipaka mafuta, nikakaza ile nati ya puani taratibu, robo mzunguko kwa wiki, na sasa ndiyo ninayoikalia.

Kinyororo nilikipata kwa mzee mmoja wa Katuba aliyeacha ufundi siku nyingi. Nilikuwa nimemwendea mara nne. Mara ya kwanza tulizungumza juu ya mvua. Mara ya pili aliuliza nkambo wangu alikuwa nani, mtu wa wapi, alifanya kazi idara gani. Mara ya tatu hakuwapo. Mara ya nne alimwita mjukuu alete kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya kitanda. Akamwaga juu ya kitambaa: nati, gololi, vifuniko vya tundu la mafuta, na vinyororo vitatu, vimefungwa kwa karatasi yenye grisi. Akachagua kimoja, akakinyoosha kati ya vidole. Nikatoa pesa, akaisukuma.

"Weka makuta yako, mwana. Utakuja nayo hapa, nisikie."

Nilirudi Jumapili baada ya misa. Alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba, macho yake siku hizi hayaoni mbali. Nikazunguka kiwanja polepole nikikanyaga pedali, na kitovu kikaanza ule mlio wake, tik, tik, tik. Mzee akainua kidole, watoto wakanyamaza. Nikavuta gia. Mlio ukakatika, kukawa kimya, na miguu ikawa myepesi.

"Ee," alisema, "sasa umeingia ya kwanza."