Saa 48 za nini? Fungua dig usome

Kama umewahi kuhamisha tovuti kutoka seva moja kwenda nyingine, sentensi hii umeisikia: "Subiri saa 24 hadi 48, DNS inasambaa." (DNS ni mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba, yaani anwani za IP.) Wateja huambiwa hivyo kwenye simu, wanafunzi huambiwa hivyo darasani, na sisi mafundi tunairudia kwa sababu inatupa siku mbili za kutosumbuliwa. Mimi naiona ni sentensi ya uvivu. Mara nyingi si kweli, na kwa amri moja tu kwenye kidirisha cheusi unaweza kujua, kwa sekunde, ni lini jina litaanza kuelekea kunakotakiwa.

Amri yenyewe ni dig, programu ndogo ya kuiuliza DNS:

dig example.com

(Jina hilo limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo hatumsumbui mtu.) Majibu huja marefu, na hapo wengi hukimbilia kuongeza +short ili wabaki na anwani ya IP peke yake. Usikimbilie. Anwani mara nyingi unaijua tayari. Ya maana ni yale yanayoizunguka. Tazama mstari ulio chini ya ANSWER SECTION: kuna jina, halafu namba, halafu IN, halafu A, halafu anwani. Hiyo namba ndiyo TTL, yaani muda kwa sekunde ambao seva iliyokujibu inaruhusiwa kukaa na jibu hilo kabla ya kuuliza upya. 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Rudia amri baada ya kitambo kidogo, utaona namba imepungua. Ikifika sifuri, jibu la zamani linatupwa na seva inakwenda kuuliza tena kwa seva inayotunza kikoa, yaani jina la tovuti kama example.com.

Maana yake hakuna kitu kinachosafiri. Ulipobadilisha rekodi (mstari unaounganisha jina na anwani), mabadiliko yalikaa palepale kwenye seva ya kikoa chako. Hayakutumwa Nairobi wala Mwanza. Seva za watoa huduma ndizo zinazokuja kuuliza zikihitaji, na zikishajibiwa zinaweka jibu kwenye kache, yaani hifadhi ya muda. Seva ambayo haijawahi kuuliza jina lako itapata anwani mpya sasa hivi. Iliyouliza dakika tano kabla hujabadilisha itaendelea na ya zamani hadi muda wake uishe. Ndiyo sababu mtu baki anaweza kuiona tovuti mpya huku wewe mwenye mali ukiwa wa mwisho kuiona: wewe ndiye uliyekuwa ukiifungua kila saa.

Kulikuwa na zama ambazo majina yalisambaa kweli. Kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, majina ya kompyuta zote yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa Stanford Research Institute huko California, kwenye kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako ijulikane, uliwaomba wao waiandike, kisha wasimamizi wa mashine nyingine wapakue nakala mpya. Mtandao ulipokua, utaratibu ukaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaandika mapendekezo ya DNS, hati za kiufundi RFC 882 na 883, na msingi wake ulikuwa kinyume kabisa cha ule wa faili: usibebe orodha nzima, uliza unapohitaji. Kwa hiyo anayekwambia leo kwamba DNS inasambaa anakusimulia mtandao wa kabla ya 1983.

Nikisema saa 48 zimetoka hewani nitakuwa nawaonea watu. Ziulize seva za .com ni nani anayetunza kikoa fulani, nazo zitakupa rekodi za NS (zinazotaja seva zinazotunza kikoa) zenye TTL ya 172800, ambayo ni siku mbili kamili. Ukihama na seva za DNS zenyewe, si anwani ya tovuti tu, kuna wanaoweza kuendelea kuzifuata seva za zamani kwa muda huo. Hapo kusubiri kuna mantiki, na busara ni kuziacha seva za zamani zikiwa hai, zimewekewa rekodi mpya, hadi siku hizo mbili zipite. Kosa letu ni kukichukua kisa hiki kimoja na kukifanya jibu la kila swali.

Kwa anayebadilisha anwani tu, kazi ni ndogo. Shusha TTL hadi 300 kabla ya siku ya kuhama, na uishushe mapema kiasi cha TTL ya zamani kwisha. Kama ilikuwa 86400, basi siku moja kabla, au mbili kwa usalama. Ukihama, seva nyingi zitakuwa zimekufuata ndani ya dakika tano. Mambo yakitulia, ipandishe tena. Wapo watoa huduma ambao ukurasa wao wa mipangilio haumruhusu mteja kugusa TTL, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kuwakimbia.

Na kama umeshahama na mteja anapiga simu? Uliza mara mbili. Kwanza uliza dig NS example.com ili ujue seva zinazotunza kikoa, kisha uelekeze swali kwa mojawapo kwa alama ya @ (dig @jina-la-seva example.com). Halafu uliza seva anayoitumia mteja kwa njia hiyohiyo. Kama mtunzaji anatoa anwani mpya na seva ya mteja inatoa ya zamani yenye TTL ya 1900, mjibu mteja wako: baada ya nusu saa na dakika chache. Kama mtunzaji mwenyewe bado anatoa ya zamani, usimwambie mtu asubiri. Rekodi haijabadilishwa, na hata mwezi ukiisha haitajibadilisha. (Ukijaribu kwa 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, usishangae namba ikipanda na kushuka. Nyuma ya anwani hiyo moja kuna kache nyingi.)

Kitu kingine ambacho +short hukificha ni neno linalofuata baada ya status kwenye majibu ya dig. Kwa mteja kila kitu ni "haifunguki", lakini kwa fundi NXDOMAIN na SERVFAIL ni safari mbili tofauti. NXDOMAIN maana yake swali limejibiwa, na jibu ni kwamba jina hilo halipo. Kagua herufi, kagua kama ada ya kikoa imelipwa. Jibu hilo la kukataliwa nalo huwekwa kwenye kache, kwa hiyo ukiwa na haraka ya kujaribu jina kabla hujaliandika kwenye seva, umejitengenezea ucheleweshaji wako mwenyewe. SERVFAIL ni jambo jingine: seva yako imekwenda kuuliza ikarudi mikono mitupu, ama kwa sababu watunzaji wa kikoa hawafikiki, ama sahihi za DNSSEC (zinazothibitisha kuwa jibu ni halisi) hazikubaliki. Na kama hupati jibu lolote, swali likaishia njiani, anza na rauta, kebo na salio la bando.

Tarehe 4 Oktoba 2021 ilikuwa siku nzuri ya kujifunza hili. Kabla ya saa moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa takriban saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wao wa ndani, na seva zao za DNS, zilipoona hazifikii vituo vya data, zikajiondoa zenyewe kwenye njia za intaneti. Watu walizima simu wakaziwasha, wakalaumu bando. Aliyeuliza facebook.com kwa dig alipata SERVFAIL, akajua kwamba intaneti yake ni nzima na kwamba hakuna cha kufanya ila kulala.

Wapo wanaodharau nslookup, amri nyingine ya kuiuliza DNS, mimi simo. Wanaotengeneza BIND, programu ya seva za DNS inayokuja na amri hizi, waliwahi kuiwekea onyo kwamba imepitwa na wakati na huenda ikaondolewa, baadaye wakabadili msimamo, na mpaka leo ipo kwenye kila Windows. Tatizo langu nayo ni kwamba TTL haikuonyeshi mpaka uiombe, na yale maneno yake ya "Non-authoritative answer" huwatisha watu bure, wakati maana yake ni kwamba jibu limetoka kwenye kache. Kwenye Windows afadhali PowerShell na amri yake ya Resolve-DnsName, inayoonyesha TTL bila kubembelezwa. Na asiye na kompyuta asijione yuko nje: kwenye simu ya Android weka Termux, programu inayokupa kidirisha cheusi, andika pkg install dnsutils, dig unayo mfukoni.

Najua nitaambiwa kuna tovuti zinazopima DNS kutoka nchi nyingi kwa ramani yenye alama za kijani. Zinapendeza. Lakini alama ya kijani Frankfurt haikuelezi kinachotokea kwenye rauta ya mteja wako Temeke, na yeye ndiye aliyepiga simu. Swali lazima liulizwe kutoka pale tatizo lilipo.

Tovuti hizo hazioni kabisa majina ya ndani ya ofisi, na hapa hata dig ina mpaka wake. Printa na kompyuta za wahasibu zina majina ambayo ping (amri ya kujaribu kama mashine inafikika) inayafikia huku nslookup ikisema hayapo. Zote mbili ziko sahihi: dig na nslookup huiuliza DNS peke yake, lakini Windows yenyewe hutazama pia faili la hosts lililomo ndani ya kompyuta, na ikikosa hupaza sauti kwenye mtandao wa ndani kwa itifaki za LLMNR au NetBIOS, ikiuliza nani anaitwa hivyo. Ukitaka kujua programu za Linux zinaona nini, tumia getent hosts badala ya dig. Ukiwa na anwani kwenye Windows na unatafuta jina, nbtstat -A bado inafanya kazi pale NetBIOS ilipoachwa wazi. Na kama wewe ndiye unayepanga majina ya ofisi, iepuke .local, kwa sababu hiyo ni ya mDNS, utaratibu wa vifaa kutafutana kwa majina bila seva, na zitagombana; mwaka 2024 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, ilitenga .internal kwa kazi hiyohiyo.