Baridi ya Mbeya haipozi prosesa

"Punguza ubora wa picha tu, itakaa sawa." Kila anayelalamika kwamba Manor Lords, gemu ya kujenga mji, inakwama anajibiwa hivyo, na Mbeya tumeongeza kiitikio chetu: kwa baridi hii ya Juni, kompyuta itachemkaje? Itachemka vizuri tu. Vumbi likiziba njia ya feni na pesti ya kupitishia joto ikakauka juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hata ukachezee milima ya Uporoto, prosesa itajipunguzia kasi isiungue.

Gemu ya kujenga mji si gemu ya mpira. Kila familia inatafuta njia, inasaka kuni, inafuata chakula sokoni, na hesabu zote hizo anazibeba prosesa. Kadi ya picha haihusiki. Ndiyo maana mji wa familia 10 unateleza, na ukijaa watu unaanza kukohoa. Kupima hakuhitaji fundi: simamisha muda wa gemu, tazama fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Zikiruka juu, mzigo ni hesabu. Hapo shusha picha hadi nyumba zifanane na tofali bichi, hutapata kitu! Cheza kwa kasi ya kawaida, funga kivinjari kile chenye kurasa ishirini, na chomeka chaja, maana kwenye betri prosesa hubanwa. Fremu zisipotikisika, sawa, shusha: anza na vivuli, kisha ukali wa picha hadi asilimia 75. Na kompyuta isiyo na kadi ya picha ya peke yake, RAM mbili za GB 4 huishinda moja ya GB 8, kwa sababu picha inakula humo humo kwenye RAM, na vipande viwili hupitisha data kwa njia mbili.

Wapo pia wanaolalamika kwamba ujenzi wa nyumba ndani ya gemu unaganda; hapo lawama nyingi ni za mchezaji. Unaanza na maksai mmoja wa kuvuta magogo, halafu familia zote umezigawia kazi. Atajenga nani? Bakiza familia moja huru, nunua maksai wa pili mapema. Mkulima wa Usangu asingehitaji kuambiwa.

Haya, gemu ilitoka 26 Aprili 2024 kama toleo la awali, yaani ikiuzwa kabla haijakamilika, na mradi ulianza na mtu mmoja. Nakubali, shingo upande. Ila "awali" lisiwe shuka la kufunikia kila kitu: sasisho linaweza kuuharibu mji wa zamani, kwa hiyo nakili faili za mji wako kwanza. Na kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, chagua gemu isasishwe pale tu unapoifungua, la sivyo utaamka kifurushi cha wiki kimeshaliwa.