Pima Mwanga wa Uso, Anga Liache Liungue

Bibi alikaa kizingitini na buibui lake jeusi, mkono mmoja ameegemeza kwenye mwimo wa mlango wa nakshi. Hatua mbili nje, mjukuu wake amesimama juani na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, amegeuka kumtazama. Ilikuwa Bagamoyo, saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, wakati jua la pwani yetu linapita utosini kabisa. Nilikuwa mpigapicha wa harusi ile, na nilijua ile ndiyo picha ya siku. Nikabonyeza mara nne, nikaendelea na shughuli.

Wiki mbili baadaye nilipeleka albamu. Bibi akaisogeza karibu na macho, akaifuata ile picha kwa kidole, kutoka kwenye kanzu mpaka mlangoni, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na mimi niko wapi?"

Alikuwepo. Ukikazia macho unaona nukta ya mwanga kwenye jicho moja na pete kidoleni. Uso wote umezama gizani. Kanzu ilitoka safi, anga la buluu, nakshi za mlango za upande wa jua unaweza kuzihesabu. Kamera ilihifadhi kila kitu isipokuwa yule aliyekuwa ndiye sababu ya picha.

Swali lile sijalisahau, na ndilo lililonifundisha kupima mwanga. Msimamo wangu tangu siku hiyo ni mmoja. Kwenye jua kali, uso wa mtu ndio unaopimiwa mwanga kwanza, na kwa watu wetu wenye ngozi nyeusi jambo hilo lina uzito zaidi kuliko vitabu vingi vinavyokiri. Wanaoanza kazi hii huambiwa kinyume: linda weupe, usiache kitu kiungue, yaani kipate mwanga mwingi mpaka kibaki cheupe tupu. Ushauri huo ni mzuri kwa anayepiga picha za milima. Kwa anayepiga picha za watu, ukifuatwa bila kufikiri, unazaa maelfu ya nyuso zilizozama.

Tuanze na kamera yenyewe, kwa sababu wengi tunaiamini kupita kiasi. Mita iliyo ndani ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, haijui bibi ni nani. Inaona jumla ya mwanga unaorudi kutoka kwenye kila kitu kilicho mbele yake, na kazi yake ni kuivuta jumla hiyo iwe kijivu cha wastani, kama ile kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ielekeze kwenye ukuta wa chokaa, itapunguza mwanga mpaka ukuta ufanane na saruji. Ielekeze kwenye buibui jeusi peke yake, itaongeza mwanga mpaka buibui liwe kijivu. Siku ile nilikuwa nimeielekeza kwenye njia yenye jua, kanzu nyeupe, na kipande kidogo cha giza chenye bibi ndani yake. Ikafanya hesabu yake kwa uaminifu, na bibi akapotea kwenye wastani.

Nilirudi kwenye kanuni ya zamani ya mafundi wa filamu ili nielewe ukubwa wa kosa langu. Kwenye jua la wazi, ukiwa na ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), unaweka shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, sekunde 1/125, na apacha, yaani tundu la lenzi, f/16, na picha inatoka. Ukiingia kwenye kivuli cha wazi, kanuni hiyo hiyo inakutaka ufungue tundu mpaka f/4, maana namba ikipungua tundu linapanuka. Kutoka f/16 mpaka f/4 ni stopu nne, na kila stopu, yaani kila hatua ya kipimo cha mwanga, ni mara mbili, kwa hiyo kivuli kina mwanga mdogo mara 16 kuliko jua. Hapo bado hujahesabu kwamba kanzu ni nyeupe kuliko kijivu cha wastani na uso wa bibi ni mweusi kuliko kijivu hicho. Ukijumlisha yote, kati ya kanzu ya mjukuu na shavu la bibi palikuwa na stopu kama saba au nane.

"Si ungeupandisha mwanga wa uso kwenye kompyuta?" Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake limo kwenye namna kamera inavyoandika mwanga. Faili la RAW, yaani mwanga kama kamera ilivyoupokea kabla ya kuchakatwa, likiwa la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga, lakini hazigawanywi sawa. Stopu ya juu kabisa, ile ya kanzu, inachukua nusu nzima, ngazi 8,192. Inayofuata inachukua 4,096, halafu 2,048, na kuendelea kushuka hivyo hivyo. Uso ulioanguka stopu saba chini unabaki na ngazi 64 tu, na mwanga wenyewe ulioufikia ni kiduchu. Ukiupandisha, unapandisha na chenga, zile punje punje zinazochafua picha. Rangi ya joto ya ngozi, ule wekundu na udhahabu ulio ndani ya weusi, haipo tena. Inabaki rangi ya majivu. Nilijaribu kwa picha ya bibi usiku kucha. Nilichopata ni uso wa majivu wenye chenga.

Wapigapicha wa Marekani, Ansel Adams na Fred Archer, walipopanga mfumo wao wa kanda za mwanga mwishoni mwa miaka ya 1930, waligawanya picha katika hatua za stopu moja moja kutoka weusi kabisa, sifuri, mpaka weupe kabisa, kumi. Ngozi ya Mzungu kwenye mwanga waliiweka kanda ya sita. Ngozi nyeusi ikawekwa karibu na ya tano. Naipenda fikra iliyo ndani ya mfumo huo, kwamba ni wewe unayeamua kitu kikae kanda gani, mita inatoa habari tu. Lakini naomba msomaji aone pia kwamba fundi aliyezoea kupiga nyuso za kanda ya sita ana stopu moja au zaidi ya nafasi ya kukosea ambayo sisi hatuna. Akikosea kidogo uso unakuwa na kivuli. Sisi tukikosea kiasi hicho hicho, uso unafutika.

Na filamu yenyewe haikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miongo mingi maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imesawazika, basi. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu iboreshwe kwenye rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri kwenye matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu. Nikawafikiria wazee wetu wa studio, waliofanya kazi na filamu hizo hizo, na bado picha za mama zetu za miaka ya sabini zimetoka zikiwa na mashavu, macho na mashono ya nguo. Walijua la kufanya. Waliwakalisha watu karibu na dirisha, wakatundika shuka jeupe upande wa pili, wakapima kwa jicho.

Mimi nilijifunza upya kwa kutumia kiganja. Viganja vya watu, mweusi kwa mweupe, havitofautiani sana, na kiganja huwa na mwanga zaidi ya kadi ya kijivu kwa kiasi cha stopu moja. Unaweka mita isome sehemu ndogo tu ya katikati, unanyoosha kiganja mahali uso ulipo, kwenye mwanga ule ule wa uso, unasoma, kisha unaongeza stopu moja. Kama una kadi ya kijivu, kilinganishe kiganja chako nayo siku moja nyumbani ujue tofauti yako kamili. Mwezi mzima sikupiga picha bila kufanya hivyo. Nilikuwa natembea Magomeni nikinyoosha kiganja juani na kivulini kama mtu anayeangalia mvua, nakisia namba kabla mita haijasema. Mpaka sasa sioni njia bora ya kumfundisha kijana. Histogramu, ule mchoro wa kwenye kamera unaoonyesha giza na weupe wa picha ni kiasi gani, ni msaada mkubwa pia, ila inakuonyesha picha nzima, na ukiwa na anga jeupe kubwa na uso mdogo, histogramu itaanza kukupigia kelele kuhusu anga. Acha ipige. Jiulize ni nini kinachoungua. Likiwa anga la saa saba lililo jeupe hata kwa macho, hujapoteza kitu. Ikiwa ni darizi ya shingoni mwa kanzu, kazi ya mikono ya fundi ya wiki nyingi, hapo umepoteza, na simama.

Maana kusimama na kumsogeza mtu ndiyo nusu ya kazi. Nakiri siku ile ya Bagamoyo hapakuwa na mpangilio wowote wa kamera ambao ungewapa haki kanzu juani na bibi gizani kwa pamoja. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukubali wakae kwenye mianga miwili tofauti. Ningemwomba kijana aingie hatua mbili tu, wote wawili wangekuwa kwenye kivuli kimoja, na stopu nne zingeyeyuka hapo hapo.

Vitabu vingi vinakwambia uahirishe, usubiri jua la dhahabu la jioni. Kwetu karibu na ikweta jua halilali kwa ubavu, linatumbukia. Hilo jua la dhahabu Dar es Salaam unalipata kwa dakika kama 25, na dakika hizo watu wanajiandaa kwa Magharibi au wako njiani kwenda ukumbini. Harusi ya kanisani inatoka saa nane. Nikaha nyingine inafungwa baada ya Adhuhuri. Jua la utosi ndilo jua letu la kazi, na hatuna budi kulijua.

Ninachotafuta siku hizi ni ukingo wa kivuli: baraza, varanda, chini ya mwembe, mahali ambapo kichwa kimekingwa lakini mbele yake kuna eneo pana lenye jua. Vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, vina zawadi hii kila kona. Jua linapiga ukuta wa chokaa upande mmoja, ukuta unarudisha mwanga laini upande wa pili, na mtu aliyesimama hapo anapata mwanga mkubwa usiomkunjisha uso. Ngozi nyeusi inaupenda mwanga wa namna hiyo, kwa sababu umbo lake linaonekana kwa mng'ao. Angalia mstari wa mwanga unaoteremka kutoka kwenye mfupa wa shavu mpaka kona ya mdomo. Ukutani pale mstari huo unakuwa mpana na laini. Kwenye jua la utosi unakuwa doa jeupe kwenye paji la uso, na macho yanakuwa mashimo. Hata kanzu ya bwana harusi ni kioo cha mwanga: mweke bibi harusi akimtazama, kanzu ikiwa imepata mwanga kidogo, utaona kidevu chake kinavyoinuka kutoka gizani. Flashi nayo ninaitumia, ndogo, pale ambapo hakuna ukuta wala shuka.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote haya. Studio nyingi zimepata dawa yao ya nyuso zilizozama, na dawa hiyo ni kumfanya mtu awe mweupe. Picha inapigwa giza, inapandishwa kwenye kompyuta, majivu yanatokea, halafu majivu yanafunikwa kwa kulainisha na kuchubua mpaka bibi harusi anakuwa na rangi ambayo mama yake hajawahi kuiona. Wenzangu wananiambia wateja ndio wanaotaka. Wengine wanataka, ni kweli. Lakini wengi hawajawahi kuonyeshwa picha yao iliyopimwa mwanga sawasawa. Wamezoea kuchagua kati ya kuwa giza na kuwa weupe. Mimi nawawekea picha ambayo uso umepata mwanga wake kamili na rangi haijaguswa. Wapo wanaoomba weupe bado. Wengi wanaitazama tu, na dada mmoja aliigeuza simu kumwonyesha nduguye akasema, "Hii ndiyo rangi yangu hii." Simu mpya zimeanza kulishughulikia hili, Google wenyewe walilitangaza kama jambo kubwa kwenye simu yao ya Pixel ya 2021, na nashukuru. Hata hivyo simu yoyote ile itakusikiliza zaidi ukiugusa uso kwenye kioo na kuupandisha mwanga kwa kidole kabla ya kubonyeza.

Mwaka jana nilirudi Bagamoyo kwa arusi nyingine. Bibi mwingine, buibui jingine, saa ile ile. "Shikamoo bibi," nikamwambia, "nakuomba usogee kidogo huku barazani." "Marahaba mwanangu. Hapa?" Hapo hapo. Mjukuu akasimama pembeni yake, ndani ya kivuli kile kile, na ardhi ya njia mbele yao ikiwarudishia jua kutoka chini. Nikanyoosha kiganja karibu na shavu lake, nikasoma, nikaongeza stopu moja. Ninayo hapa mezani ninapoandika. Hina kwenye ncha za vidole vyake inaonekana, mikunjo midogo pembeni ya macho inaonekana, na pini ya mtandio imeshika mwanga. Kipande cha anga kwenye kona ya juu ni cheupe tupu.