Semina za stresi kwa wahudumu wa afya: zinasaidia ama ni kupaka rangi tu?

Wahudumu wa afya wakilalamika wamechoka, jibu la haraka huwa ni semina. Siku moja ukumbini, chai na mandazi, mtu anawafundisha kuvuta pumzi taratibu na kuandika hisia kwa daftari. Manesi na madaktari wengi wanaona hayo ni madharau, wanasema usinifundishe kupumua, niletee mtu wa pili wa zamu ya usiku.

Na wana pointi. WHO yenyewe (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2019 ilipoweka huku kuchoka, yaani burnout, kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za afya, haikukuita ugonjwa, ilisema ni hali inayoletwa na kazi: nguvu zimeisha, kazi imekutoka moyoni, unajiona hufanyi kitu cha maana. Sasa kama chanzo ni kazi mbona dawa anywe mfanyakazi? Angalia Kenya, madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 wakitaka mkataba wao na serikali wa 2013 utekelezwe, halafu 2024 wakagoma tena siku 56 na moto mkubwa ulikuwa malipo ya maintern (madaktari wapya walio kwenye mafunzo kazini), serikali ilikuwa inasema shilingi elfu 70 kwa mwezi na mkataba wa 2017 ulisema elfu 206. Na intern ndiye anakesha wodini. Mtu anawaza kodi ya nyumba huku anatafuta mshipa wa mtoto saa tisa usiku, utamwambia avute pumzi?

Lakini kuna kitu watu wa upande huu wanaruka. Hata ukiajiri manesi wa kutosha kesho, wagonjwa bado watakufa. Mama ataletwa amechelewa, amevuja damu sana, mtafanya kila kitu na bado anaenda, kisha wewe ndio unatoka nje kumwambia mumewe na baada ya hapo unarudi kwa kitanda kinachofuata na uso wa kawaida kama hakuna kilichotokea. Hiyo haiponywi na mshahara. Hapo ndipo ujuzi wa kubeba uchungu unahitajika kweli, na shuleni wengi hawakufundishwa, waliambiwa tu zoea.

Kwa hivyo mimi naona tunachanganya vidonda viwili. Kuna uchungu wa kazi yenyewe, na kuna uchungu wa kujua huyu angepona kama oksijeni ingekuwepo. Wa kwanza unataka wenzako, mkubwa wa zamu anayewakalisha dakika chache baada ya kifo na kuuliza mko sawa, nani anataka kupumzika kidogo (si kulazimisha mtu asimulie kila kitu, hilo hata WHO haishauri). Wa pili ukiuletea semina unamfanya mtu ajione yeye ndiye dhaifu, na hapo afadhali hata ungenyamaza.

Ushauri nasaha nao una shida yake. Mshauri akiwa wa hospitali hiyohiyo, mnakutana kantini, anakula na bosi wako, nani ataenda kumfungukia? Mtafutieni wa nje, basi.

Na kama semina lazima iwepo, iwe saa za kazi na mtu wa kushika wodi awe ameshapatikana. Kumwita nesi aliyetoka night aje asubuhi hiyohiyo kufundishwa umuhimu wa kulala, hapo hata mwenye kuitetea sijui ataanzia wapi.