Kibao cha Tahadhari

Kwanza ieleweke kwamba mie si mtu wa kuanguka ovyo. Umri wote huu nimeanguka mara tatu tu: mara moja skuli, mara moja kutoka kwenye mwembe wa jirani ambako kwa kweli sikuwa na shughuli, na Ijumaa iliyopita, mbele ya kaumu nzima ya mtaani kwetu Mwembetanga, hapa Unguja mjini.

Natoka msikitini, nimepita kuchukua urojo maana mama watoto alishauagiza tangu asubuhi. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya viua kichwani, kopo mkononi, natembea kwa mwendo wa mtu mwenye heshima zake. Pale konani palikuwa na mtaro. Sijui ulikuwa wa maji au wa waya, waliochimba hawakusema nasi hatukuuliza. Mtaro ulifukiwa kabla ya Ramadhani. Kibao chake kikabaki. Kibao cha bati, kimegongomewa kwenye miguu miwili ya mbao, kimeandikwa TAHADHARI MTARO kwa rangi nyekundu, na kusi lilishakiangusha zamani, kimelala chali miguu juu kama kaa. Mie macho yangu yako kwa bodaboda anayekuja upande usio wake. Mguu mmoja wa kibao ukaingia kwenye kandambili yangu, baina ya kidole gumba na mwenzake.

Kopo liliruka. Mfuniko ukenda njia yake, kachori njia yake, na urojo wenyewe, bila kupotea hata tone, ukaja kwangu.

Nikasema niinuke haraka kabla sijaonekana. Wapi! Kuna kijana pale mtaani amehudhuria semina ya huduma ya kwanza, siku mbili, na cheti amekitia fremu. Miezi minane anasubiri mtu aumie. Alikuja mbio kutoka kwenye duka la simu, mikono ameitanua: "Asimguse mtu! Uti wa mgongo!"

"Mwanangu, uti wa mgongo mzima. Nipe mkono ninyanyuke."

"Tulia, ami. Hujui hali yako."

Hali yangu mie siijui, anaijua yeye! Nimelala barabarani, bajia iko shingoni, gari zinapiga honi, na yeye ameninyooshea vidole usoni. "Vingapi hivi, ami?"

"Vitatu, na vyote vichafu."

"Leo siku gani?"

"Ijumaa! Nimevaa kanzu huoni?"

Akawageukia watu kwa huzuni ya kidaktari. "Ana hasira. Hiyo ni dalili."

Watu nao wakaitikia, ah, dalili. Walikuwa wameshajaa, na nusu yao simu ziko juu. Bibi mmoja akawa anasema "Bismillahi, bismillahi," jambo jema, ila lingenifaa zaidi dakika tano kabla. Kutoka barazani wakaja wazee wenzangu na vikombe vyao vya kahawa mkononi, maana kikao hakivunjwi kwa sababu ya mtu mmoja kuanguka, kinahamishwa tu. Baraza likakaa juu ya kichwa changu. Mmoja akasema yeye anapita hapo kila siku wala hajaanguka. Mwingine akauliza kwa nini sikupita njia ya nyuma. Wa tatu, ambaye nilimkopesha pesa tangu mfungo sita, akasema hili si bure, lina mkono wa mtu, nikumbuke nina ugomvi na nani. Nikamwambia namkumbuka mmoja.

Hakuna hata mmoja aliyeinama kukiangalia kibao. Kibao kiko pale pale, miguu juu, kimerukwa na watu thelathini waliokuja kunitazama.

Nilifika nyumbani nachechemea, rangi ya manjano kutoka kifuani mpaka magotini. Mama watoto akanitazama juu mpaka chini. "Pole, baba. Na urojo umeuweka wapi?"

Video ilishatangulia, bila shaka. Jumamosi asubuhi nabishiwa hodi na kijana mpole, katumwa na hao waliochimba. Kavaa kizibao. Si kizibao hichi chetu cha kuvalia kanzu harusini. Hichi ni cha rangi ya ndimu mbivu, kina mikanda inayong'aa, kofia ngumu kwapani, na ndani ya ukumbi wangu mdogo ule hakuna kinachoweza kumwangukia isipokuwa picha ya marehemu baba. Akakaribishwa, akapewa chai na boflo, akatoa fomu.

"Mzee, pole sana. Palikuwa na alama ya tahadhari?"

"Ndiyo, lakini hiyo ndiyo..."

"Fomu haina lakini, mzee." Akatia tiki. "Ulivaa viatu vinavyofunika vidole?"

"Natoka msikitini, bwana!"

"Hapana." Tiki. "Ulibeba kitu?"

"Urojo."

Akaangalia kwenye fomu, urojo hamna, akaandika *mzigo*. "Chanzo cha ajali?"

"Kibao."

Akaweka kalamu chini taratibu, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mzito. "Mzee wangu, kibao ni kinga. Kinga haiwezi kuwa chanzo."

"Kinga yenyewe imeingia kwenye kandambili yangu!"

"Naelewa." Akaandika: *Kutokuwa makini kwa mpita njia.* Chini yake pana sehemu ya mapendekezo, nikachungulia. Alipendekeza kiongezwe kibao cha pili. Nikamuuliza hicho kitaonya nini. Akafikiri, na nasema kweli hakuwa akinitania, akajibu, "Uwepo wa kibao."

Nikatia saini. Ungefanya nini? Chai yake ilikuwa inapoa.

Lakini tangu siku ile sina raha, maana naona huku kwetu ajali ikiwa kubwa ni kudra, ikiwa ndogo ni ya mwenyewe, na katikati hapo hakuna anayekaa. Mie naiamini kudra, mtu asinifundishe dini. Ila kudra haikatishi tiketi. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi njiani kwenda Pemba, ilikuwa imejazwa watu na mizigo kupita kiasi, na hata waliokuwemo wangapi ikawa ni mvutano, daftari lasema lake na misiba majumbani yasema mengine. Hata mwaka haukutimia, Julai 18, 2012, ikenda Skagit karibu na Chumbe, boti iliyokwishatumika Marekani kabla ya kuletwa huku. Tukalia, tukasoma hitima, tukaambiana ajali haina kinga. Haina kinga! Boya ni nini basi, tambi? Mie mpaka leo nikipanda boti ya Pemba sitafuti kiti cha dirishani, natafuta maboya yako wapi, na wanaonijua hunicheka.

Na Beit al-Ajaib je? Nyumba ya tangu 1883, ya Sultani Barghash, imesimama miaka yote hiyo. Desemba 25, 2020, mafundi wako ndani wanaikarabati, upande wa mbele ukaporomoka na watu wawili wakafa. Huku Mji Mkongwe pana kuta zimepinda mpaka ukipita chini yake unainamisha kichwa bila kujijua, na chini ya ukuta huo huo wazee wanacheza bao, kwa sababu ndiko kwenye kivuli. Ukiwaambia wanakujibu umesimama hivyo tangu wao wadogo.

Bodaboda ndiyo usiseme. Kofia ngumu anayo, kaitungika kwenye kiwiko. Kiwiko chake hakitovunjika kamwe, alhamdulillahi. Anaivaa akiona askari, akimpita anairudisha. Abiria ukiomba na wewe ya kwako anakutazama kama umemtukana: "Ami, kwani nakwenda kukuangusha?" Na vijana wa makachu pale Forodhani wanajirusha baharini kichwa chini, miguu juu, maji kupwa maji kujaa. Wale hawajaletewa fomu, maana hawajaanguka, wamejirusha.

Jana nimepita konani. Kibao kimesimamishwa upya, kimekazwa kwa mawe, watoto wamekigeuza mlingoti wa goli. Wa pili haujaletwa. Nikawaambia waangalie wasiumie. Mmoja akanikodolea macho, akamgusa mwenzake: "Si ndiye yule wa urojo?"

Na kanzu haijatoka rangi. Jirani kaniambia ndimu na jua, mara mbili, haibaki alama. Ndimu nimenunua, kwa bei ambayo leo siisemi. Jua lipo la kumwaga. Nimeloweka, nimesugua, nimefika mahali pa kusuuza, na maji yamekatika tangu juzi.